Mwaka wa Ziara za Nusu Siku

Tulimzika Baba Mdogo huko Rongai mwezi wa pili, wakati vumbi la mashamba yaliyolimwa linapanda hadi kwenye kope za macho. Baada ya maombi na chakula, sisi wanne, mimi na wadogo zangu, tulijikuta tumekaa peke yetu chini ya hema, kila mmoja na sahani yake ya mukimo wa viazi na mahindi, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda mrefu. Wairimu, ambaye sasa ni muuguzi, ndiye aliyeuliza. "Nyokabi, ile siku ya Wachina, huyu mzee alikuja kutuchukua kweli, ama alikuja tu kutushtua?" Gitau alisema ilikuwa kutushtua. "Baba Mdogo alikuwa anapenda mchezo wa kuigiza," alisema akitafuna. Kariuki, aliyekuwa mdogo kabisa, alisema anakumbuka mvua na viatu vingi mlangoni, basi. Wote wakanitazama. Niliwaambia kwamba alikuja kutuchukua. Gitau akaacha kutafuna. Nilielewa hapo kuwa mwaka ule, ambao mimi niliupita nikiwa nimekaza meno, wao waliupita wakicheza. Sikuwalaumu, maana hivyo ndivyo nilivyotaka. Lakini wameniuliza, na chini ya lile hema sikupata maneno ya kutosha kuwajibu.

Wazazi wetu sitawaeleza hapa. Walikuwapo, kisha hawakuwapo, na jamaa wakakaa kikao katika chumba chetu cha Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, chumba cha mabati chenye pazia la maua lililotenga kitanda na makochi. Mimi nilikuwa nje kwenye jiko, chini ya dirisha, nikipika chai yao, kwa hiyo nilisikia yote. "Huyu kijana ana mikono," Baba Mdogo alisema, akimaanisha Gitau. "Nitaenda naye Rongai kwa ng'ombe. Msichana aende Njoro kwa kina mama yake. Huyu mdogo aende Karagita na dadangu." Shangazi wa Karagita alilalamika kwamba yeye anaishi chumba kimoja na anaamka usiku kwenda kwa shamba la maua, mtoto atabaki na nani? "Kwani watoto wengine wa Karagita wanabaki na nani?" aliuliza Baba Mdogo. Mtu mwingine akauliza, "Na Nyokabi?" Baba Mdogo akajibu kama mtu anayejibu kuhusu hali ya hewa. "Nyokabi ni mkubwa. Ataolewa."

Niliingia na sinia, nikawapa chai mmoja mmoja kwa umri wao, kisha nikasema hakuna anayeenda popote. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili na sauti yangu ilikuwa ikitetemeka, lakini sinia halikutetemeka, na nadhani Baba Mdogo alitazama sinia. Alionja chai. Akatazama ndani ya kikombe. "Sawa," alisema. "Mpaka shule zifungwe mwisho wa mwaka. Nitakuwa nakuja siku yoyote, na sitapiga simu. Nikipata nyumba imesimama, watoto wakae. Nikipata imelala, nitawabeba na sitaki kelele." Watu wa nje wanaweza kudhani kusimama kwa nyumba ni kodi au ada ya shule. Kwa Baba Mdogo, nyumba iliyosimama ni ile ambayo mgeni akiingia bila taarifa anapata chai ya maziwa, na hakuna mtoto anayechomolewa kwa mlango wa nyuma kukimbia dukani. Ndivyo alivyopima nyumba za watu wote, hata za wazee wa kanisa. Tangu siku hiyo, paketi moja ya maziwa ilikaa kwenye beseni la maji chini ya kitanda, ikingoja mtu mmoja. Tuliibadilisha kabla haijaharibika, tukanywa ya zamani, tukaweka mpya. Siku nyingine hiyo ndiyo iliyokuwa chakula pekee katika nyumba ile, na haikuguswa. Alikuja wakati wa mvua ya masika, akapata chai. Alikuja tena watoto wakiwa shuleni, akapata chai. Kila mara alikunywa akitazama mlango wa nyuma.

Kazi niliipata mjini, kwenye ofisi ndogo ya utalii ghorofani, ya mama mmoja aliyeitwa Chelagat. Nilianza kwa kufagia. Nakuru wakati huo, na hata sasa, haikuwa mahali ambapo mgeni analala siku nyingi. Wageni walipita wakienda mbuga ya Mara au wakirudi, na katikati ya safari walikuwa na nusu siku tu, kuanzia kifungua kinywa hadi gari la kuwapeleka mbele lifike. Nusu siku hiyo ndiyo tuliyouza. Chelagat alikuwa mwalimu zamani na alizipanga ziara kama ratiba ya darasa: ukingo wa shimo la volkano la Menengai, ziwa, makumbusho ya Hyrax Hill, soko, picha, twende. "Mgeni ametoka mbali," alikuwa akisema. "Akikaa chini ataanza kufikiria kwao, halafu alalamike." Mwongozaji wake alipopata kazi kwenye hoteli ya Mara na kuondoka bila kuaga, alinitazama nikiwa na ufagio mkononi. "Wewe unajua Menengai?" Nikasema najua. "Basi vaa viatu vizuri." Dereva alikuwa Otieno, mtu mzima mwenye mzaha mwingi, ambaye tangu siku hiyo aliniita bosi ili kunicheka, halafu akazoea.

Wachina walianza kuja kwa wingi katikati ya mwaka, na wengi walitoka mji mmoja mkubwa unaoitwa Chengdu, kwa sababu kampuni ya Nairobi iliyotupa kazi ilikuwa na mshirika huko. Waliletwa na msichana wa rika langu, Lin, aliyesomea Kiswahili chuo kikuu kwao. Siku ya kwanza alimwambia Otieno, "Shikamoo, mzee. Je, safari yetu itaanza wakati gani?" Otieno aligeuka polepole. "Bosi, huyu anaongea Kiswahili ya redio. Nimjibu aje?" Lin alicheka kuliko sisi wote. Nilimpenda kwa hilo. Lakini wageni wake walikuwa wakirudi hotelini wamechoka na kununa, na Nairobi wakaanza kumpigia Chelagat simu. Nilisikia upande mmoja wa simu hizo kupitia mlango wa ofisi. Ndiyo. Hapana. Tutarekebisha. Akitoka, alinitazama mimi.

Nilimuuliza Lin shida ni nini. Alinieleza kwamba yeye alipokuwa mwanafunzi alikuwa akitembeza wageni Chengdu, nusu siku hivihivi. "Asubuhi mapema twaenda kuwatazama dubu wanaoitwa panda, kwa maana jua likipanda wao hulala. Kisha twaingia bustanini, kwenye nyumba ya chai, tunaketi."

"Mnaketi mkifanya nini?"

"Tunaketi."

"Halafu?"

"Halafu nusu siku imekwisha, dada." Akasema pia kwamba wageni wake wanataka maji ya moto. Si soda baridi tuliyowapa kwa heshima kila tuliposimama. Maji yaliyochemka, matupu, wayamimine kwenye majani yao au wayanywe vivyo hivyo. Nilidhani anatania. Kwetu maji ya moto matupu ni ya mgonjwa, au ni ya nyumba isiyo na majani, maziwa wala sukari, na mtu anayekupa anakupa akiangalia chini. Hata nilipoanza kubeba chupa ya maji ya moto garini, niliifunika kwa leso ili wenzetu wa magari mengine wasione. Chelagat alikubali chupa. Kuketi hakukubali. "Hapa si China," alisema. "Wakikaa hawatarudi kwangu."

Shule zilifungwa. Kila asubuhi niliamka nikisikiliza hatua za nje, kwa maana nilijua siku za Baba Mdogo kuja zimefika. Wiki hiyo walikuja walimu wastaafu kutoka Chengdu, wanawake wazee wenye kofia na miamvuli, pamoja na Lin. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulijaribu Menengai kwanza, na kwenye mteremko ule wa udongo mwekundu gari liliteleza likasimama upande. Otieno alizima injini. "Bosi, mimi nina watoto," alisema, na hakuwa akitania. Tukarudi chini kinyumenyume. Tukaenda ziwani. Maji yalikuwa yamepanda yakafunika barabara, na askari wa lango akatupungia mkono turudi. Nikampigia Chelagat. Niliposema nataka kuwarudisha hotelini, alininyamazisha. "Vyumba wameshatoka, gari la Naivasha linafika alasiri. Ukiwarudisha sasa watakaa kwenye ngazi na mabegi, na Nairobi watasikia. Ukiwarudisha sasa, Nyokabi, usije kesho." Nilikata simu. Ndani ya gari vioo vilikuwa vimejaa mvuke na wale wazee walikaa wakingoja nifanye kitu. Ningepoteza kazi siku hiyo, maziwa yangekosekana, Baba Mdogo angekuja siku yoyote, na yote yangekuwa kitu kimoja. Nikamwambia Otieno aende Kaptembwo. "Kuna nini Kaptembwo?" aliuliza. Nikamwambia kuna mahali pa kuketi.

Wageni walivua viatu mlangoni kwetu bila kuambiwa, vikajaza kizingiti chote. Gitau aliazima benchi la kanisa la jirani, watoto wa ploti, wa vyumba vya jirani, wakajaa dirishani, na mama wa chumba cha pili akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo Nyokabi ameleta serikali." Kwanza nilifanya ilivyo desturi. Nilitoa ile paketi chini ya kitanda, nikapika chai ya maziwa, tamu, nzito, nikawapa kwa mikono miwili. Walionja. Walitabasamu. Waliweka vikombe chini, mmoja baada ya mwingine, na Lin akaniambia kwa upole kwamba matumbo yao hayajazoea maziwa. Wadogo zangu walikuwa nyuma ya pazia, wakaimaliza ile chai kabla ya dakika kwisha. Wairimu akaosha vikombe mara moja, kama nilivyomfundisha. Nikachemsha maji, nikajaza ile chupa ya garini, nikamimina matupu. Hapo ndipo nyuso zao zilipofunguka. Wakatoa majani kwenye vifuko vyao, wengine wakaacha hivyo hivyo, wakashika vikombe kwa viganja vyote viwili na kusikiliza mvua juu ya mabati. Mmoja, Mwalimu Zhou, aliyekuwa mkubwa wao, alifumba macho. Nilifikiri, kumbe ni rahisi hivi. Nilifikiri hivyo kwa muda mfupi sana.

Nilimwona kwanza kwa watoto wa dirishani, waliposogea kumpisha mtu. Baba Mdogo alisimama mlangoni na buti zake za shambani, akichuruzika maji, gunia tupu limekunjwa kwapani. Alitazama viatu. Alitazama wale wazee wa kigeni. Kisha alitazama ndani ya kikombe cha yule aliyekuwa karibu naye, akatazama cha pili, na cha tatu, na uso wake ukafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona: aliona aibu. Akanivuta kando, akaongea Kikuyu, chini chini. "Watu wametoka ng'ambo, wameingia nyumba ya ndugu yangu, na umewapa maji matupu."

"Baba Mdogo, ndiyo wanayotaka."

"Hakuna mtu anataka maji matupu, Nyokabi. Kama maziwa yamekwisha, yamekwisha. Ungekuja Rongai useme."

Nilimwita Lin. Lin alimweleza kwa Kiswahili chake kizuri kwamba wao ndio walioomba, kwamba wameshukuru sana, kwamba walipewa chai ya maziwa nao hawakuweza kuinywa. Baba Mdogo alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Kisha akanirudia mimi. "Huyo ni mgeni. Mgeni hata akilala njaa atasema ameshiba. Ulitaka aseme nini?" Na ni kweli, sote tumefundishwa hivyo, na yeye Baba Mdogo angesema vivyo hivyo nyumbani kwa mtu. "Haya," akasema. "Mimi si mgeni. Niwekee chai." Maziwa yalikuwa yamekwisha. Vikombe vilikuwa safi vinang'aa. Nilisimama pale na mikono yangu mitupu, na yeye akaona yote aliyotaka kuona. Akamgeukia Gitau. "Toa nguo zenu. Za wote watatu." Gitau alinitazama mimi. Nilitikisa kichwa, hapana. Kijana akabaki amesimama kati yetu, mgongo wake umegusa pazia, na nikajua kwamba nikitazama pembeni hata mara moja atatii.

Aliyeingilia kati alikuwa Mwalimu Zhou. Hakujua lolote. Aliona tu mzee aliyelowa amesimama na hana kikombe. Akainuka, akamwonyesha Baba Mdogo nafasi yake kwenye kochi, akatia majani yake mwenyewe kwenye kikombe, akamimina maji ya moto, akampa kwa mikono miwili huku ameinama kidogo. Mwanamke wa umri wa mama yake. Baba Mdogo asingeweza kukataa, hata kama angekuwa amekuja kunifunga jela. Aliketi na gunia lake mapajani, akanywa, na mdomo wake ukakunjamana. "Hii ni nini?" Lin akamwambia ni chai. "Sukari iko wapi?" Hakuna. Lakini yeye alikuwa mtu wa adabu, na kwetu mtu hamalizi nusu, kwa hiyo alifumba macho akakimaliza kikombe chote. Mwalimu Zhou akamjazia. Akameza tena, kwa shida, hadi mwisho. Akamjazia tena. Wale wazee wengine walianza kumtazama kwa furaha, kwa sababu hawakuwahi kuona Mwafrika anayependa chai yao kiasi kile. Otieno, aliyekuwa ameegemea mlango, alinong'ona, "Bosi, mzee wako atapasuka."

Sikucheka. Nilikuwa nikihesabu pumzi zangu, kwa sababu kila kikombe kilikuwa dakika chache zaidi ambazo Gitau hakufungasha. Mwishowe Baba Mdogo aliniita, jasho likiwa kwenye paji la uso. "Mwambie huyu mama aache."

"Acha kidogo kikombeni," nikamwambia. "Ukimaliza, anajua unataka nyingine."

"Niache chai ya mtu?"

"Kwao hiyo ndiyo adabu."

Alinitazama kama niliyemtukana. Lakini tumbo lilikuwa limejaa, na mara iliyofuata aliacha kidogo, akaweka kikombe chini kwa woga, akingoja mama yule akasirike. Mwalimu Zhou aliitikia kwa kichwa, ameridhika, na hakugusa chupa. Baba Mdogo alikitazama kikombe kile kwa muda mrefu. Halafu akainua macho, akavitazama vile vikombe vingine vyote mikononi mwa wale wanawake, kimoja baada ya kingine, maji matupu yakitoa mvuke, na nyuso zao zilizotulia juu yake. "Kwa hivyo hayo maji," alisema polepole, "ni kweli." Nikasema ni kweli. Hakumwambia Gitau tena atoe nguo, wala gunia hakuliweka chini, na mimi sikuthubutu kuuliza niamini lipi kati ya hayo mawili.

Mvua ilikatika. Otieno alisema udongo wa Menengai unakauka haraka jua likitoka, tukijaribu sasa tutafika. "Wanaenda kuona nini?" Baba Mdogo aliuliza. Nikamwambia, shimo. "Wametoka China kuona shimo?" Otieno akafungua mlango wa mbele. "Mzee, umekaa Rongai miaka yote na hujawahi kuliona. Ingia gari." Nilishangaa alipoingia. Wadogo zangu walijibana kati ya wageni, Kariuki mapajani pa Lin, na njia nzima Otieno akaongea na gari lake. Chelagat alipiga simu na sikuipokea. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Baba Mdogo, nikitazama shingo yake, na gunia lilikuwa tena kwapani.

Juu ukungu ulikuwa ukiondoka. Wageni walitawanyika kwenye ukingo, wakapiga picha, kisha wakaacha kupiga picha na kukaa juu ya mawe, na mimi nikawaacha wakae. Baba Mdogo alitembea hadi pale ardhi inapokatika. Kariuki alikuwa amemfuata, na bila kutazama chini mzee alikuwa amemshika mkono. Nilisogea nyuma yao. Chini kulikuwa na msitu mzima, na moshi wa mvuke ukitoka mahali pamoja kama jiko la mtu, na upande wa pili ulikuwa mbali hivi kwamba ulionekana kama nchi nyingine. Niliwaza kwamba atatoa uamuzi sasa, na chochote atakachosema nitamkatalia, hapa hapa, mbele ya wageni, na kazi iende na yeye aende. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni.

Kariuki alijivuta mbele ili aone vizuri. Baba Mdogo akamrudisha, akamtoa ukingoni, akaunyoosha ule mkono mdogo kuelekea kwangu bila kugeuza kichwa.

"Nyokabi," alisema. "Shika mtoto wako."

Nikamshika.